MCHEZA KWAO HUTUZWA, NA MTUNZI JE?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa matawi ya Kitui na Makueni, juu ya malipo ya watunzi wa ngoma mpya



Tulipotoa habari ya kwamba leo tutazungumza juu ya ngoma, wengine walicheka. Walisema, "Chama kimekosa kazi? Mishahara imelala, nauli imepanda, nanyi mwataka kutuchezesha!" Hatukukasirika. Swali hilo ni la haki na tutalijibu. Lakini kwanza nasi tunawauliza moja. Tarehe 1 Mei, tunapoingia uwanjani kuadhimisha Siku ya Wafanya Kazi, ni nani wanaotutangulia? Ni wacheza ngoma. Sisi tumeshika mabango ya kudai malipo ya haki. Wao wako mbele yetu, wanaruka na kupinduka hewani mpaka vumbi linatimka. Je, wale wamelipwa nini? Na yule aliyeitunga ngoma ile, akaifundisha mwezi mzima, amelipwa nini?

Mara nyingi jibu ni chakula cha mchana na nauli, na pengine nauli yenyewe ya kwenda tu. Basi chama kinachodai haki kwa matajiri kimepitishwa uwanjani na watu ambao chenyewe hakikuwalipa. Hilo ndilo jambo lililotuleta hapa leo.

KUTUNGA NI KAZI

Sisi Wakamba tuna sifa ya ngoma tangu zamani. Mama zetu wana kilumi, ngoma ya kuombea mvua na kutuliza wagonjwa, na ngoma zake hupigwa mpaka usiku wa manane. Vijana wana ngoma za kuruka, na kwa hizo jina la Ukambani limefika mbali. Watu wakitazama hudhani mambo haya hutoka ardhini yenyewe, kama majani baada ya mvua. Si hivyo. Kila ngoma ina mtu aliyeianza. Kwetu yupo ngui, anayetunga maneno na kuongoza wimbo. Yupo na anayepanga miguu: nani aingie kwanza, nani aruke, ngoma inyamaze wapi, mstari ugeuke namna gani. Huyo ndiye tunayemwita leo mtunzi wa ngoma.

Tena hatuzungumzi juu ya ngoma za kale peke yake. Wako vijana wa Kitui, Mwingi, Wote na Kibwezi wanaotunga mambo mapya kabisa. Wanachukua mwendo wa mama aliyebeba mtungi kutoka mtoni, wanaufanya ngoma. Wanachukua msichana aliyekwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni na simu yake ikanyamaza, wanaufanya ngoma. Wanachukua malori ya mchanga, uchomaji wa makaa, bwawa la Thwake ambalo kazi yake ilizinduliwa mwaka 2018, na kijana anayengojea kibarua langoni. Haya ndiyo maisha yetu sisi tulioketi hapa. Magazeti huyaandika siku moja kisha yakanyamaza. Ngoma huyaweka mwilini mwa watu, na mtoto akiisha kuicheza haisahau.

Sasa tazameni kazi yake. Mtunzi hukaa peke yake siku kadhaa akifikiri na kujaribu. Kisha huwakusanya wachezaji. Huwafundisha, hufuta, huanza tena. Ngoma ya dakika ishirini yaweza kula wiki sita. Mtazamaji huona zile dakika ishirini tu, na mwenye kulipa hulipa zile ishirini tu. Ni sawasawa na kumlipa fundi seremala kwa dakika ile anayokukabidhi kiti, na kusahau siku zote alizopasua mbao na kupiga randa. Ni nani kati yetu angekubali malipo ya namna hiyo?

WANAVYOLIPWA LEO

Tumezunguka katika kaunti zetu mbili na kuuliza. Tulikuta milango minne ambayo mtunzi hupatia riziki.

Mlango wa kwanza ni hoteli, hasa za pwani. Kikundi hulipwa kwa usiku, na mara nyingi hutakiwa ngoma ile ile aliyoiona mgeni wa jana. Hoteli haina haja ya jambo jipya.

Mlango wa pili ni siasa na sherehe. Mkubwa akija, ngoma huitwa. Siku ya Mashujaa ya mwaka 2025 iliadhimishwa kitaifa hapa kwetu, Ithookwe, Kitui. Sikukuu kama hizo hazikosi ngoma. Lakini sherehe hupita kwa siku moja, na baada yake mtunzi hungojea mkubwa mwingine.

Mlango wa tatu ni harusi na mazishi, na humo jirani humlipa jirani kadiri ya mkono wake.

Mlango wa nne ndio mkubwa kwa ngoma mpya, nao ni shule. Tamasha za muziki Kenya zilianza mwaka 1927, na za michezo ya kuigiza ya shule mwaka 1959. Siku hizi shule hushindana pia kwa ngoma za kubuni, na kila mwaka zinatakiwa mpya. Shule ikitaka kushinda, humtafuta mtunzi. Tunaweza kusema ya kwamba walimu, watoto na wazazi wa Kitui na Makueni ndio wanaogharimia ngoma mpya kuliko mtu mwingine yeyote, ingawa wenyewe hawajui. Twawashukuru.

Lakini sikilizeni yaliyompata mmoja wetu, mwanachama wa chama hiki, ambaye mchana ni kibarua na jioni ni mtunzi. Shule moja ilimwita mwezi wa Januari. Akatunga ngoma juu ya kisima kilichokauka. Akafundisha watoto jua likiwaka, majuma saba. Mapatano yalikuwa ya mdomo: "Tukifika mbali hatutakusahau." Watoto wakafika mbali. Kombe likaletwa, picha zikapigwa, hotuba zikasomwa. Jina la mtunzi halikutajwa. Alipokwenda kuuliza malipo yake akaambiwa bajeti imekwisha, akapewa soda na shilingi za nauli. Mwaka uliofuata aliikuta ngoma yake ikichezwa na kikundi kingine, kwa jina jingine. Hatuitaji shule hiyo, kwa sababu si moja, na mwalimu aliyeahidi pengine naye hakuwa na fungu mkononi. Tunaloshtaki ni desturi. Ndugu yetu huyo hakuweza kudai neno, kwa kuwa hakuwa na karatasi.

Na kijana anayepinduka hewani akivunjika mguu? Sheria ya fidia ya ajali kazini ya mwaka 2007 humlinda mwajiriwa. Mtu aliyekodiwa kwa usiku mmoja, bila maandishi, atathibitisha vipi ya kwamba ni mwajiriwa? Basi hurudi nyumbani akichechemea, na matibabu huwa mchango wa jamaa.

WALIOTUTANGULIA WALIFANYAJE?

Wazee wetu walikuwa na mwethya. Watu hukusanyika kulima shamba la mmoja, kesho la mwingine. Miaka ya 1950 kwa mwethya walichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko katika vilima vya Ukambani, na nyimbo zikawapa nguvu. Lakini mwethya haikuwa kazi ya bure. Mwenye shamba aliwalisha waliokuja, na siku yao ikifika alikuwa na deni la kwenda kuwalimia. Leo twamwambia mtunzi, "Njoo utusaidie, ni mwethya." Hatumlishi, wala hatuendi kulima kwake. Basi hiyo si mwethya tena.

Pwani nako walikuwa na beni. Ngoma hii ilianza Lamu na Mombasa miaka ya 1890, na wakati wa Vita vya Kwanza ikaenea Tanganyika yote pamoja na askari na wachukuzi, katika vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti. Waliocheza walikuwa makarani, maboi, askari na vibarua. Waliitengenezea fedha wenyewe kwa ada na michango. Walinunua ngoma na sare, wakashindana kwa mambo mapya, na vyama hivyo hivyo viliwasaidia wagonjwa na kuzika wafu. Tazameni basi: kabla vyama vya wafanya kazi havijapata nguvu katika nchi hizi, wafanya kazi walikuwa wameisha jifunza kutoa ada katika vyama vya ngoma.

Na jirani zetu wachongaji wa vinyago? Mutisya Munge wa Wamunyu, upande wa Machakos, aliuleta ufundi ule alipotoka vitani Tanganyika, Vita vya Kwanza. Wachongaji wakaongezeka, na wachuuzi wakawa wananunua kwa bei ya kutupa. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba walioko Changamwe, Mombasa, waliunda chama chao cha ushirika, wakawa na mahali pamoja pa kuchongea na pa kuuzia. Kinyago kilipata chama. Ngoma, ambayo ni ndugu yake, haikupata. Sababu moja ni hii: kinyago chaweza kushikwa na kuwekewa bei, na ngoma ikiisha imekwisha.

Serikali nazo zilijaribu. Tanganyika ilianzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, na mwaka 1981 Tanzania ikafungua Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Kwetu Kenya, Bomas iliundwa mwaka 1971, na wachezaji wake wakapata mshahara wa mwezi. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini kazi ya Bomas ilikuwa hasa kuhifadhi na kuonyesha ngoma za makabila. Kuhifadhi ni kuzuri, ila ghala isiyoingizwa mavuno mapya mwisho hubaki na maganda.

Dansi mpya ya kutunga ilipata mlango Nairobi. Katika miaka ya 1990 Opiyo Okach, pamoja na Faustin Linyekula wa Kongo na Afrah Tenambergen, walianza kikundi cha Gàara. Ngoma yao moja ilipata tuzo Luanda mwaka 1998, katika mashindano ya watunzi wa Afrika. Ni heshima kwetu sote. Lakini fedha za dansi ya namna hii Afrika zimetoka kwa wingi Ulaya, hasa Ufaransa, na watunzi wengi wamejulikana Paris kabla ya kujulikana kwao. Hatuwalaumu. Mwenye njaa hula palipo na chungu. Tunajilaumu sisi ambao chungu chetu hakijainjikwa.

MFANO WA WASHONAJI

Ndugu, msidhani chama cha wafanya kazi kugharimia ngoma ni ndoto ya hapa tu. Marekani, wakati wa shida kuu ya miaka ya 1930, serikali iliwaandika kazi wasanii wasio na kazi, na mwaka 1936 ikaanzisha mpango wa wacheza dansi peke yao. Walilipwa mshahara wa wiki kwa kutunga na kucheza. Ulipokatwa, walikatwa nao.

Lakini chama cha washonaji wa nguo za wanawake cha New York hakikungojea serikali. Kiliwachukua wanachama wake, washonaji na wakataji, kikalipia watunzi na walimu wa dansi, na mchezo wao wa nyimbo na dansi ukafunguliwa Novemba mwaka 1937. Waliimba na kucheza habari za sindano, tajiri na mgomo. Mwanzo walifanya mazoezi baada ya kazi na kuonyesha mwisho wa wiki tu. Watu walipofurika, ikabidi wapewe ruhusa kazini. Mchezo ule ulionyeshwa mara 1,108. Washonaji wale hawakuwa matajiri kuliko wafanya kazi wengine wa mji ule. Walikuwa na chama kilichoamini ya kwamba maisha yao yanastahili kuonyeshwa na wao wenyewe.

HESABU

Karani atasema, "Maneno mazuri, fedha ziko wapi?" Haya, tufanye hesabu. Ni mfano tu, kila mtu abadilishe kwa hali ya kwake.

Tuchukue wachezaji kumi na wapiga ngoma wawili, jumla 12. Mazoezi siku tatu kwa wiki, wiki sita, ni siku 18. Kila mtu shilingi 500 kwa siku: 12 mara 500 mara 18 ni shilingi 108,000. Mtunzi afanye siku hizo 18 na nyingine sita za kufikiri peke yake, jumla 24, kwa shilingi 1,500: ni 36,000. Mavazi 30,000. Ukumbi na matengenezo ya ngoma 16,000. Jumla ni shilingi 190,000.

Ni nyingi kwa mtu mmoja. Lakini wakipatikana watu 950 wa kutoa shilingi 200 mara moja kwa mwaka, zimekwisha patikana. Tunasema wazi: mchango huo uwe wa hiari, uwe na daftari lake mwenyewe, na usiguse ada ya mwezi ambayo ni ya kutetea kazi zetu. Hatutaki kusikia baadaye ya kwamba fedha za kesi zimechezwa ngoma.

SERIKALI YA KAUNTI

Mzigo huu si wetu peke yetu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na inaitaka Serikali iukuze. Jedwali la Nne laziachia kaunti kazi ya shughuli za utamaduni na burudani za umma. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na utamaduni inazitaja ngoma, na inazipa kaunti kazi ya kuziandikisha. Kwa hiyo tukienda ofisini hatuendi kuomba sadaka.

Lakini tuende kwa wakati. Wengi huja kupiga kelele mwezi wa Julai, mwaka wa fedha umeisha anza. Sheria imeweka tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa fedha hupelekwa kabla ya tarehe 28 Februari. Makadirio hupelekwa kabla ya tarehe 30 Aprili. Makueni imesifiwa kwa mikutano ya wananchi ya bajeti inayoanzia vijijini. Basi katika mikutano hiyo asimame mtu mmoja, aseme maneno machache: "Tunataka fungu la kutunga ngoma mpya, na lilipe siku za mazoezi pia." Maneno yakiandikwa kijijini yana miguu ya kufika Wote. Kitui nao wafanye vivyo hivyo.

"MAJI KWANZA"

Sasa turudi kwa waliocheka. Mzee mmoja alituambia, "Kwetu mama anatembea na punda kutafuta maji. Nanyi mwataka kaunti inunue ngoma?" Mzee, twakuheshimu, na neno lako ni zito. Hatutaki hata mfereji mmoja ukatwe kwa ajili ya ngoma. Likiwa shauri ni kisima au ngoma, sisi nasi twataka kisima. Lakini tazama: ngoma kaunti inazitumia tayari, kila mkubwa anapokuja. Hema hulipwa, viti hulipwa, vipaza sauti hulipwa. Asiyelipwa sawasawa ni mtu. Tunaloomba kwanza ni ya kwamba aliyekwisha fanya kazi apate haki yake. Na yule kijana aliyetunga ngoma ya kisima kilichokauka, je, hakuwa akilia kilio kile kile chako?

TUNAYOTAKA CHAMA KIYAPITISHE

Kwanza: chama kisimwite tena mtunzi wala mchezaji bila kumlipa. Tuanze nyumbani mwetu kabla ya kuwanyoshea wengine kidole.

Pili: ofisi ya tawi iandike karatasi ya mapatano ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kikamba. Iwe na jina la mtunzi, siku za kazi, malipo, siku ya kulipwa, na nani atatibu akiumia mtu. Yeyote atakayeitwa na shule, hoteli au kaunti aichukue bure.

Tatu: kila ngoma mpya ipigwe picha za sinema kwa simu na kuwekwa tarehe na jina. Mkataba wa Berne, ambao Kenya iliingia mwaka 1993, unazitaja ngoma zilizotungwa kuwa mali ya mtunzi, lakini mali isiyo na ushahidi ni vigumu kuitetea.

Nne: watunzi na wachezaji wa kaunti mbili hizi wajiunge. Wakitaka ushirika, kama wachongaji, tuwasaidie kuuandikisha. Wakitaka kuingia katika chama, tuangalie katiba yetu na sheria zinaruhusu vipi.

Tano: ufunguliwe mfuko wa hiari tuliousema, na kila mwaka ngoma mpya moja itungwe juu ya maisha ya wafanya kazi wa Ukambani, ionyeshwe tarehe 1 Mei, mwaka mmoja Kitui, mwaka wa pili Makueni. Chama kisimwambie mtunzi acheze nini. Kama atatucheza sisi viongozi na makosa yetu, tukae tutazame.

Ndugu wanachama, wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Walijua ya kwamba mtu akicheza ugenini hupigiwa makofi, bali tuzo lake la kweli liko kwao. Vijana wetu wanacheza kwao. Wako hapa Kitui, wako Makueni, hawajakwenda popote. Tusingoje mpaka wasifiwe ng'ambo ndipo tuseme "huyu ni wetu".

Mei ijayo, tutakapoingia uwanjani nyuma ya ngoma, kila mmoja wetu aweze kuyatazama mabango yake, kisha awatazame waliomtangulia, asione haya.

Umoja ni nguvu.